Sura ya Saba: Taimlaini Inapogoma

Ukizungumza na wenye studio za video kuanzia Kilosa mjini hadi njia panda ya Mikumi, utasikia malalamiko ya kila aina: wateja wanaolipa kwa mafungu, umeme, bei ya betri za kamera. Lakini linalowakosesha usingizi ni la taimlaini kugoma. Kitufe cha kucheza kimebonyezwa, sauti ya emsii inaendelea kumwaga sifa za ukoo, ila kwenye skrini bibi harusi ameganda, mguu mmoja hewani. Mhariri anarudisha mshale nyuma kidogo atafute pale mama mzazi alipofuta machozi. Picha inatulia tuli, kisha inaruka hadi kwenye keki. Anajaribu tena. Usiku unakwenda, na familia inataka video kabla wageni wa Dar hawajapanda treni kurudi.

Ushauri anaopewa na kila anayepita studioni ni kununua kompyuta mpya. Naupinga ushauri huo. Kompyuta mpya si kitu kibaya, lakini ushauri huo unamtoa mtu fedha nyingi kabla hajajua ugonjwa ni upi. Anaweza kuuza kamera yake ya pili apate mashine, akaiwasha, akapakia klipu zilezile, na zikakwama palepale.

Hasara ya taimlaini kugoma haiishii kwenye muda. Kuhariri ni kazi ya jicho na sikio kwa pamoja. Ngoma ya Wakaguru au ya Wavidunda ina pigo lake, na mkato ukiangukia fremu tatu baada ya pigo, mtazamaji huhisi kuna kitu hakijakaa sawa hata kama hawezi kukitaja. Mhariri anayefanya kazi kwenye taimlaini inayokwama hawezi kuliona pigo hilo. Anakata kwa kukisia, kisha anarenda kipande kizima ili tu aone alichokata. Akichoka, anaacha picha ndefu zisizo na sababu: dakika nzima za watu kwenye foleni ya chakula, huku kicheko cha bibi mzaa baba kimeachwa nje. Watu wakiitazama video hiyo husema kijana hana kipaji. Mimi nasema hajapata nafasi ya kuiona kazi yake ikicheza.

Wakongwe wa fani hii wana swali zuri. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati filamu ya Girlfriend ya George Tyson (2003) ilipowafungulia njia watengenezaji wa filamu za Kibongo, kazi nyingi ndogo zilirekodiwa kwenye kanda za DV. Kompyuta za wakati huo, ambazo leo zingehangaika hata kufungua tovuti, zilizicheza kanda hizo bila kukwama. Iweje mashine ya leo, yenye nguvu mara nyingi zaidi, ishindwe na klipu ya simu?

Jibu limo ndani ya faili. DV, iliyoingia sokoni mwaka 1995, huhifadhi kila fremu kama picha kamili inayojitegemea. Saa moja hula gigabaiti 13 hivi, lakini programu ikitaka fremu fulani, inaifungua hiyo hiyo basi. H.264, iliyotoka mwaka 2003, na HEVC, yaani H.265, iliyofuata mwaka 2013, zilitengenezwa kwa nia nyingine: video isafiri kwa urahisi hewani na mtandaoni, ikae kwenye simu bila kuijaza. Huhifadhi fremu moja kamili, kisha kwa zinazofuata huandika tu kilichobadilika. Fikiria daftari la madeni la dukani ambalo jumla huandikwa ukurasa unapoanza, na mistari inayofuata ni ongeza sukari, punguza elfu tano, ongeza mafuta. Ukitaka kujua mteja alikuwa anadaiwa kiasi gani baada ya mstari wa kumi na saba, huwezi kuusoma huo peke yake. Unaanza juu, unajumlisha kushuka chini.

Ndivyo kompyuta inavyofanya kila unaposogeza mshale. Kwenye klipu nyingi za simu, fremu kamili huja kama mara moja kwa sekunde. Zote za katikati ni mabadiliko tu, na nyingine hutegemea hata fremu ambayo bado haijafika. Mshale ukitua kwenye fremu ya 28, mashine inarudi kwenye ya kwanza na kuzikokotoa zote hadi ifike. Ukicheza kwenda mbele tu, inaweza kumudu. Ukirudisha nyuma, inarudia hesabu upya kila mara. Na kazi ya kuhariri ni kwenda mbele na kurudi nyuma mchana kutwa.

Muda wenyewe ni mdogo mno. Video ya fremu 25 kwa sekunde inaipa kompyuta milisekunde 40 kwa kila fremu. Ya simu, yenye fremu 30, inaipa 33. Ndani ya muda huo fremu ifunguliwe, irekebishwe rangi, maandishi yapachikwe juu yake, na ipelekwe kwenye skrini. Fremu moja ya 4K ina pikseli zaidi ya milioni 8.2, mara nne ya ile ya 1080. Kazi isipoisha kwa wakati, programu haina la kufanya ila kuiacha fremu hiyo na kukimbilia inayofuata. Ndiyo maana sauti inaendelea na picha inaganda: sauti ni nyepesi.

Hapa tofauti ya video za harusi za Kilosa na za wanyama wa Mikumi inaonekana kwenye faili lenyewe. Maharusi waliokaa jukwaani ukumbini, simu ikiwa kwenye mguu, hawabadiliki sana kati ya fremu na fremu. Pazia la nyuma limetulia, maua yametulia, ni mikono na midomo tu inayosogea. Sasa chukua simu hiyo hiyo uirekodi mbuga ya Mkata ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi wakati upepo unavuma. Hifadhi hii iliyoanzishwa mwaka 1964 ina kilomita za mraba 3,230, na eneo linalopendwa zaidi na wapiga picha ni huo uwanda wa majani. Kila unyasi unasogea kivyake. Pundamilia wakipita mbele yake, vumbi likinyanyuka, na gari lenyewe likitikisika, hakuna pembe ya picha iliyobaki kama ilivyokuwa. Kamera italazimika kuandika mabadiliko kila mahali, na kompyuta italazimika kuyajumlisha yote. Klipu ya dirishani kwenye barabara kuu, ile inayokata hifadhi kwa takribani kilomita 50, ni mzigo zaidi: miti ya karibu inakimbia, milima ya mbali inakwenda taratibu. Hali ni hiyo hiyo kwa klipu za dirisha la treni ya umeme, iliyoanza safari za hadi Dodoma mwaka 2024 na kupita kwenye mahandaki ya Kilosa. Mwongoza watalii akikwambia video za harusi zinacheza vizuri kwenye mashine yake lakini za tembo zinakwama, mwamini.

Kabla ya kutibu, pima. Fungua dirisha la Windows linaloonyesha matumizi ya prosesa, kumbukumbu, diski na kadi ya picha, liweke pembeni, kisha cheza taimlaini. Prosesa ikigonga asilimia 100 huku diski imetulia, tatizo ni kufungua fremu. Diski ikiwa ndiyo imejaa kazi, tatizo ni usomaji au kumbukumbu iliyokwisha. Kisha zima athari zote kwenye klipu moja na uicheze ikiwa tupu: ikiteleza, mkosaji ni athari; ikikwama vilevile, mkosaji ni faili.

Wengi huilaumu diski bure. Kwenye iPhone, mipangilio yenyewe inaeleza kwamba dakika moja ya 4K ya fremu 30 kwa HEVC ni kama megabaiti 170. Hiyo ni chini ya megabaiti 3 kwa sekunde. Diski ya zamani ya kuzunguka, hata iliyounganishwa kwa USB 2.0, inaweza kutoa mara kumi ya hiyo. Diski huanza kuwa kikwazo unaporundika kamera tatu au nne kwa pamoja, au ikiwa mfumo wenyewe na faili zako vyote viko kwenye diski moja ya kuzunguka iliyojaa hadi shingoni. Hapo SSD itakuokoa. Lakini kwa klipu moja ya simu inayoganda, SSD haitaongeza kitu, na inaniuma kuona mtu akiinunua kwa matumaini hayo.

Dawa ya haraka inachukua sekunde mbili. Kwenye Adobe Premiere Pro, chini ya dirisha la kutazamia, pana sehemu ya kuchagua ubora wa uchezaji: kamili, nusu, robo. Weka robo. DaVinci Resolve nayo ina sehemu ya kupunguza ukubwa wa picha inayochezwa, nusu au robo. Video ya mwisho haiguswi na chaguo hili. Litakusaidia ikiwa mzigo uko kwenye athari na rangi. Kwa faili nzito za HEVC msaada wake ni mdogo, kwa sababu hesabu za fremu zilizotegemeana bado lazima zifanyike.

Dawa yenyewe ni proksi, na hapa naomba msomaji atulie nami.

Proksi ni nakala nyepesi ya klipu ya asili. Unahariri kwa kutumia nakala. Ukifika kutoa video ya mwisho, programu inarudi kwenye asili na kuchukua ubora wote. Wazo hili ni la zamani kuliko kompyuta. Wakati wa filamu za selulosi, enzi ambazo filamu kama Arusi ya Mariamu (1985) zilitengenezwa, utaratibu wa kawaida duniani ulikuwa kuchapa nakala ya kazi kutoka kwenye negativu. Mhariri aliikata nakala hiyo kwa mkasi, akaibandika, akaichana, akaibandika tena, huku negativu ikihifadhiwa pasipo kuguswa hadi uamuzi wa mwisho. Avid ilipoleta mashine yake ya kuhariri kwa kompyuta mwaka 1989, diski zilikuwa ndogo kiasi kwamba picha iliyotazamwa ilikuwa hafifu; watu walihariri kwa hiyo, kisha wakairudia kazi kwenye kanda za asili. Kwa hiyo kijana wa Kilosa anayetengeneza proksi hafanyi kazi ya kimaskini. Anafanya walichofanya mabingwa.

Uamuzi mkubwa ni aina ya faili. Usitengeneze proksi za HEVC, maana utakuwa umepunguza picha ukabaki na ugonjwa. Chagua ProRes Proxy, iliyo katika familia ya ProRes ambayo Apple iliianzisha mwaka 2007, au DNxHR ya Avid katika daraja lake la chini. Zote mbili huhifadhi kila fremu ikijitegemea, kama DV ya zamani. Kwa ukubwa wa picha, 1280 kwa 720 inatosha: pikseli zake ni moja ya tisa ya 4K, na bado unaona kama jicho la mtu liko wazi au limefumba.

Sasa hesabu ya nafasi, kwa sababu inawashtua wengi. Saa nne za 4K kutoka simu ni kama gigabaiti 41. Proksi zake za ProRes za 720, zinazokula takribani megabiti 23 kwa sekunde, zitakuwa kama gigabaiti 41. Ukichagua 1080 badala ya 720, zitapita 80, yaani nakala nyepesi itachukua nafasi kubwa kuliko asili. Hakuna kosa hapo. Wepesi unaoutafuta ni wa kufungua, na hulipwa kwa nafasi ya diski. Ndiyo sababu nashauri 720 kwa mwenye diski ndogo.

Kwenye Premiere, ambayo imekuwa na proksi tangu 2016, unachagua klipu zote kwenye dirisha la mradi, unabofya kitufe cha kulia cha kipanya, unaagiza proksi zitengenezwe, na kazi inahamia kwenye Media Encoder. Resolve toleo la 18, la mwaka 2022, lilikuja na programu ndogo ya pembeni inayofuatilia folda uliyoiteua na kutengeneza proksi za kila kitakachotupwa humo. Kdenlive, ambayo ni ya bure kabisa na inafaa kwa mashine dhaifu, inaweza kuagizwa itengeneze proksi yenyewe kwa kila klipu pana. Katika zote tatu, iache mashine ifanye kazi usiku. Ukirudi kutoka ukumbini saa sita, hamisha kadi, agiza proksi, lala. Asubuhi utaikuta taimlaini nyingine kabisa: mshale unavutwa na picha inafuata kidole, mbele na nyuma.

Mitego ipo. Wa kwanza ni mwendo wa fremu. Simu nyingi hazirekodi fremu 30 kamili. Mwanga ukipungua ukumbini au simu ikipata joto, zinashuka na kupanda zenyewe. Klipu za namna hiyo, hasa zile zinazoletwa na wageni waalikwa kupitia simu zao, huifanya taimlaini kukwama na sauti kuachana na midomo kidogo kidogo kadiri dakika zinavyosonga. Zipitishe kwanza kwenye HandBrake au Shutter Encoder, zote za bure, ukichagua mwendo usiobadilika. Fanya hivyo kabla ya kutengeneza proksi, la sivyo proksi na asili hazitalingana. Mtego wa pili ni kubadilisha majina ya faili au kuhamisha folda katikati ya kazi. Programu huifuata asili kwa njia yake. Ukiihamisha, utatoa video ya mwisho iliyojaa ukungu wa proksi au skrini nyekundu. Premiere kwa kawaida hutumia asili wakati wa kutoa. Resolve ina sehemu ya kuruhusu proksi kwenye ukurasa wa kutolea, na hiyo ihakikishe imezimwa. Siku zote tazama sekunde kumi za video iliyokamilika kwenye skrini kubwa kabla hujampigia mteja.

Athari nzito zina dawa yake. Kutuliza picha iliyotikisika na kuondoa chenga za gizani ni mizigo ambayo proksi peke yake haiibebi. Ziache hadi mikato yote imekamilika. Ukizihitaji mapema, renda kipande hicho tu; kwenye Premiere mstari mwekundu juu ya taimlaini utageuka kijani, nacho kitacheza bila hesabu mpya. Na ile tabia ya kurundika rangi, vumbi la dhahabu na mwanga wa jua juu ya kila klipu ya harusi, naiona inaharibu sura za watu kabla hata haijaharibu kasi.

Joto nalo lina sehemu yake. Kilosa iko bondeni, na miezi ya kuelekea Krismasi chumba cha studio chenye bati kinaweza kuchemka. Prosesa ya laptopu ikikaribia nyuzi 95 au 100 hupunguza mwendo wake yenyewe ili isiungue. Dalili yake ni kwamba taimlaini inacheza vizuri dakika za mwanzo, kisha inazidi kuwa nzito. Usiiweke laptopu juu ya godoro wala kitambaa. Inyanyue nyuma kwa vipande viwili vya mbao, elekeza feni hapo, na safisha vumbi la ndani kila kiangazi. Ichomeke kwenye umeme pia. Laptopu nyingi zikitumia betri hujinyima nguvu.

Kuna suluhisho la mapema zaidi ambalo mafundi wengi hawalipendi: kurekodi kidogo. Harusi itakayotazamwa kwenye televisheni ya sebuleni na kwenye WhatsApp haina haja ya 4K kutoka mwanzo hadi mwisho. Rekodi 1080, kwa H.264, na HDR ikiwa imezimwa, kisha tumia 4K kwa simba aliyelala mbali ambaye utahitaji kumkuza. Faili za H.264 ni kubwa zaidi, lakini ni nyepesi kufungua, na HDR ya simu huleta rangi za biti 10 ambazo mashine za zamani hazina chombo cha kuzifungua.

Hilo linatupeleka kwenye ununuzi, kwa yule ambaye amefanya yote haya na bado anahitaji mashine. Prosesa za Intel zimekuwa na sehemu maalumu ya kufungua video tangu 2011, lakini HEVC ya biti 10 hufunguliwa kikamilifu kuanzia kizazi cha 7. Laptopu ya mtumba ya kizazi cha 6 inayouzwa kwa sifa ya "kori ai seveni" itazidiwa na kori ai faivu ya kizazi cha 8 kwenye klipu za simu, na muuzaji huenda asikwambie. Uliza kizazi kwanza. Kisha rami ya gigabaiti 16, kisha SSD ya mfumo, na kadi kubwa ya picha iwe ya mwisho.

Kazi ikishakabidhiwa, futa proksi zote pamoja na kache ya programu. Vinaweza kutengenezwa tena wakati wowote, na diski itapumua. Asili zibaki, kwenye diski mbili. Mafuriko ya mto Mkondoa ya Januari 2010 yaliingia kwenye makazi ya Kilosa na kung'oa hata njia ya reli, kwa hiyo diski ya pili isikae kwenye studio hiyo hiyo. Mpe ndugu anayeishi sehemu ya mwinuko, iandike tarehe na majina ya maharusi kwa kalamu isiyofutika, na uiwashe kila baada ya miezi michache kuhakikisha bado inasoma.